Tusingoje Giza Ndipo Tutafute Waya

Wananchi wa Unguja hawajalisahau giza lililoanza Desemba, 2009 likadumu hadi Machi, 2010. Waya wa megawati 45 uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980 ndio uliokuwa njia pekee ya umeme kutoka Tanzania Bara. Ulipoharibika, hazikuzimika taa peke yake. Pampu za maji nazo zilisimama, na watu wa mjini wakashinda wakihangaikia maji kwa ndoo. Tena hilo lilikuwa pigo la pili, kwani mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mzima.

Juhudi zilizofuata ni za kupongezwa. Mwaka 2010 Pemba, iliyokuwa ikitegemea majenereta ya dizeli, iliunganishwa na Tanga kwa msaada mkubwa wa Norway. Mwaka 2013 Unguja ikapata waya mpya wa megawati 100 kwa msaada wa Marekani.

Hata hivyo, mahitaji hayasimami. Hoteli zimeenea pwani, mitaa mipya inajengwa, na kila nyumba inataka jokofu. Kwa upande wa Bara, bwawa la Julius Nyerere limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Kwa hiyo swali kubwa kwetu si umeme utoke wapi, bali upite wapi.

Waya wa baharini haununuliwi dukani. Hutengenezwa kwa kuagizwa, sakafu ya bahari hupimwa kwanza, na meli maalumu ndiyo huulaza. Kazi hiyo huchukua miaka. Basi uamuzi wa kuongeza njia hauna budi kufanywa wakati taa zingali zinawaka.

Tunashauri pia kwamba njia mpya isifuate ile ile ya Ras Kiromoni hadi Fumba iliyopitiwa na nyaya zote mbili za Unguja, maana ajali moja yaweza kuzikata zote. Aidha, sehemu ya malipo ya umeme iwekwe akiba kwa kazi hii, ili tusingoje wafadhili kila mara.

Wananchi nao wana wajibu wao: tulipe umeme tunaoutumia, na manahodha wasitie nanga katika mapito ya waya.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu tumekwisha kuuona mara mbili.