Mto upo, maabara mnaitafutia nini?

Jamani wadau, nilikuwa kimya wiki mbili, msuli ulinibana. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira.

Nilipokuwa fildi nafundisha baiolojia huku kwetu Songwe, niliomba kuwapeleka kidato cha pili kwenye kijito nyuma ya shule. Ilikuwa kiangazi, maji yanaishia kwenye vifundo vya miguu. Nikajibiwa: "Mwalimu, hatuna maabara, na hao wadudu hawatoki kwenye mtihani." Basi nikabaki nachora mto ubaoni, huku mto wenyewe tunausikia dirishani!

Maabara gani tena? Chupa ya maji ukiipima inakwambia maji yalivyokuwa dakika ile ulipoyachota. Uchafu uliomwagwa juzi usiku umeshaenda na mkondo. Mdudu wa chini ya jiwe je? Amekaa pale miezi, yote yamempitia. Wale wadogo wenye mikia mitatu na matamvua ubavuni, wengi wao hawavumilii maji yaliyoishiwa oksijeni. Funza wekundu wanavumilia, maana wana hemoglobini kama sisi. Ukigeuza mawe ukakuta wekundu watupu, ujue kuna jambo.

Na msiniambie ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2015 Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha TARISS, kipimo cha mito ya Tanzania kilichotokana na SASS ya Afrika Kusini. Unaingia mtoni, unavuruga mawe kwa mguu, wavu unaukinga upande maji yanakoelekea, unamwaga kwenye sinia jeupe. Unatambua familia za wadudu, kila familia ina alama yake, unajumlisha, unagawa kwa idadi ya familia. Wadudu unawarudisha. Hiyo hesabu ya shule ya msingi inahitaji maabara?

Nakubali, si kila mto wa kuingiza watoto. Songwe ikifurika haina mchezo, na kichocho kipo. (Halafu Songwe ziko mbili, moja inaingia Rukwa, nyingine inapakana na Malawi mpaka Nyasa. Muulize mwanafunzi wa mkoa huu uone atakavyokodoa macho.) Ndiyo maana niliomba kijito cha kiangazi.

Nakubali pia kwamba huko Mkwajuni, wachimbaji wadogo wanakokamata dhahabu kwa zebaki, mdudu hatakutajia jina la sumu. Hapo kemia lazima. Ila pale wadudu wanapopungua ghafla ndipo pa kupeleka chupa yako kwanza, badala ya kubahatisha mto mzima.

Sasa mtoto wetu anamaliza kidato cha nne anajua kudondoshea ugali iodini, lakini hajawahi kugeuza jiwe la mto anaoteka maji. Na sisi tunajiita walimu!

Mwakani narudi fildi. Sinia la mama nimeshaliomba. Wavu nashona mwenyewe, tena si wa chandarua chenye dawa, nisije nikawaua kabla sijawahesabu.

Haya, nawahi kipindi.