Akiba isiyokatwa kodi ipo kwa jirani, faranga ipo Bujumbura

Bujumbura. Mchuuzi wa Buyenzi aliyebakiwa na faranga laki tano baada ya kulipa pango na ada ya watoto ana swali ambalo matangazo ya benki hayalijibu: aziweke wapi, na baada ya mwaka zitanunua nini?

Kwa majirani zake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, sehemu ya jibu ipo. Machi 2017, Serikali ya Kenya ilizindua M-Akiba, hati fungani ya miaka mitatu iliyouzwa kwa simu kuanzia Sh3,000, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka isiyokatwa kodi. Kabla ya hapo Mkenya alihitaji angalau Sh50,000 kununua hati za serikali. Tanzania nayo ina Mfuko wa Umoja wa UTT, ulioanza mwaka 2005, ambao mapato ya wawekezaji wake hayatozwi kodi.

M-Akiba haikuwa muujiza. Toleo la majaribio la Sh150 milioni liliuzwa lote, lakini toleo lililofuata katikati ya mwaka huo lilipata kama robo tu ya bilioni moja iliyotafutwa. Watu wa kipato kidogo walijisajili kwa wingi, kisha wengi hawakununua. Kumfungia mtu fedha ya dharura kwa miaka mitatu ni kumwomba mengi, hata ukimsamehe kodi.

Kwa Bujumbura, msamaha wa kodi wenyewe una uzito mdogo kuliko unavyosikika. Tuseme laki tano imewekwa kwa riba ya asilimia 8. Baada ya mwaka inazaa faranga 40,000. Ikikatwa kodi ya asilimia 15, kiwango kinachotozwa kwenye riba ya akaunti za benki nchini Kenya, zinaondoka 6,000. Sasa weka pembeni yake mfumuko wa bei, uliofikia wastani wa karibu asilimia 27 nchini Burundi mwaka 2023. Kilichonunuliwa kwa laki tano mwanzoni kilihitaji faranga 635,000 mwishoni. Mwenye akiba alipungukiwa na faranga 95,000 kabla mtoza kodi hajagusa kitu.

Mwezi Mei mwaka huohuo thamani ya faranga ilishushwa, kutoka takriban faranga 2,100 kwa dola hadi zaidi ya 2,800. Mwezi uliofuata, Benki ya Jamhuri ya Burundi (BRB) ilitangaza kuondoa noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000, na ikawapa wananchi siku kumi kuzipeleka benki. Aliyeficha akiba chini ya godoro alijikuta anakimbizana na kalenda. Na wafanyabiashara wa jiji hili hawajasahau Januari 2013, soko kuu lilipoteketea pamoja na mali iliyokuwa ndani.

Kwa hiyo godoro si jibu, na benki peke yake si jibu kamili. Akaunti ya akiba inafaa kwa fedha ambayo lazima iwepo ikihitajika, mradi mtu aulize kwanza makato ya kila mwezi. Kwa kiasi kidogo, makato hayo huweza kumeza riba yote, na hiyo ndiyo kodi halisi ya mwenye akiba ndogo. Ushirika wa akiba na mikopo, kama zile COOPEC zilizotapakaa nchini, unampa kitu kingine: njia ya kupata mkopo. Fedha iliyokopwa wakati bei zinapanda hulipwa kwa faranga iliyopungua thamani, hivyo mkopo wa kununua bidhaa huweza kuwa na faida kuliko riba ya akiba. Ikirimba, mchango wa zamu wa majirani, hauna karani wala kodi. Aliye mwanzoni mwa orodha hupata nafuu ileile ya mkopaji, na wa mwisho hupokea fedha iliyokwisha kuchakaa. Nafasi kwenye orodha ni jambo la kujadiliwa mapema, bila haya.

Lakini kwa nini mtu wa Buyenzi asipeleke laki tano yake Dar es Salaam? Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inataja mtaji miongoni mwa vitu vinavyopaswa kuvuka mipaka kwa uhuru. Mabenki yamevuka: CRDB ya Tanzania na KCB ya Kenya zote ziliingia Bujumbura mwaka 2012. Mwenye akiba ndogo hajavuka. Fedha za kigeni ni haba, na bei ya dola mtaani imeachana mbali na ile rasmi. M-Akiba nayo ilisajili wanunuzi kwa kitambulisho cha taifa cha Kenya. Sarafu moja, ambayo ingeondoa kikwazo cha kubadilisha fedha, ilipangwa ianze 2024, na sasa inatajwa 2031.

Lililo ndani ya uwezo wa Burundi ni dogo zaidi. BRB tayari huendesha minada ya hati za hazina. Kuzikata vipande vya faranga elfu hamsini, ziuzwe kwa simu na ziwe na muda mfupi kuliko miaka mitatu ya Kenya, hakuhitaji kusubiri sarafu ya pamoja. Kigumu ni riba: ikiwa chini sana ya mfumuko wa bei, wananchi watajisajili kama Wakenya walivyofanya, kisha watanunua mchele.