Msimbo mbovu umeshaunganishwa? Usifute historia

Aprili 2021, Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu wa Linux, alikuja na pendekezo zito: mabadiliko 190 yaliyotumwa kwa barua pepe za Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, yatenguliwe.

Sababu? Watafiti wa chuo hicho walikuwa wametuma kwa makusudi marekebisho yenye kasoro, waone kama yatapita bila kushtukiwa.

Na hili linakuhusu. Kama simu yako ni Android, kiini chake ni Linux.

Cha kutazama hapa ni neno "yatenguliwe". Hakusema yafutwe kwenye kumbukumbu. Linux inatunzwa kwa Git, mfumo wa kuhifadhi matoleo ya msimbo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Ndani ya Git kuna njia mbili za kurudi nyuma, na hazifanani kabisa.

Njia ya kufuta

Ya kwanza ni git reset. Inarudisha tawi lako mahali lilipokuwa, kana kwamba hukuunganisha kitu. Kama kosa bado liko kwenye kompyuta yako peke yako, hakuna shida.

Balaa linaanza pale msimbo unapokuwa umeshafika kwenye seva na wenzako wameshauvuta. Ukilazimisha seva ikubali historia yako mpya, kazi waliyoongeza wengine inaweza kuondoka kwenye tawi la pamoja. Halafu mmoja wao akiunganisha nakala yake ya zamani na kuipeleka, kile ulichokifuta kinarudi. Mnaanza upya.

Njia ya kutengua

Ya pili ni git revert. Hii haifuti chochote. Inaongeza badiliko jipya linalofanya kinyume cha lile la mwanzo, kama mhasibu anayeandika mstari wa kusahihisha badala ya kuchana ukurasa wa daftari.

Kwa muunganisho, amri ni git revert -m 1, ikifuatiwa na utambulisho wa muunganisho wenyewe. Hiyo 1 inaiambia Git ibaki na upande wa tawi ulilokuwepo ulipounganisha, ambalo mara nyingi ndilo tawi kuu.

Mtego ambao wengi hawaujui

Ukishatengua, msimbo unaondoka, lakini Git bado inakumbuka kwamba tawi lile liliwahi kuunganishwa. Sasa ukirekebisha kosa kwenye tawi lilelile na kuliunganisha tena, yanaingia marekebisho mapya tu. Kazi ya mwanzo haiji, na wala hupewi onyo. Unakuta programu ina nusu ya kitu.

Dawa yake: tengua kwanza ule utenguzi, kisha ndipo uunganishe. Torvalds mwenyewe alishalieleza hili kwenye maelezo yanayoambatana na Git.

Minnesota iliishaje?

Wasimamizi wa Linux walikagua upya mabadiliko 435 kutoka chuo hicho. Ripoti ya Mei 2021 ilionyesha kuwa sehemu kubwa sana yalikuwa sahihi, na mengine yalikuwa yakiziba kasoro za kweli. Yangeondolewa yote kwa hasira, kasoro hizo zingerudi.

Hapo ndipo thamani ya kutofuta inapoonekana. Siku ya hasira hakuna anayejua kipi kibovu na kipi kizima. Hilo hujulikana baada ya kukagua, na huwezi kukagua kilichofutwa.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza chochote, jiulize swali moja: kuna mtu mwingine ameshauchukua msimbo huu? Kama hakuna, reset inatosha. Kama yupo, hata mmoja, tumia revert, na waambie wenzako umetengua nini na kwa nini.