Ukiuza feni ya kizamani, unauza mota siyo rangi

Leo nasema na nyie mnaouza feni za zamani mtandaoni, na najua baadhi yenu mtanuna. Kuipiga feni rangi ya dhahabu, kuichomeka sekunde kumi, kurekodi video inazunguka, halafu kuandika "imefanyiwa sevisi, iko poa", hiyo kwangu siyo biashara. Umemuuzia mtu hatari iliyopakwa rangi.

Soko lipo kweli, sikatai. Zile feni za mezani zenye mwili wa chuma kizito na mapanga ya shaba, na yale mapangaboi ya Crompton na GEC, watu wanazitafuta. Huku kwetu zinatoka kwenye nyumba za zamani za Ujiji na Kigoma mjini, nyumba inapobomolewa au ndugu wanapogawana vyombo vya marehemu. Wanunuzi wako Dar, Arusha, Zanzibar: wenye migahawa, wenye gesti, watu wa kupamba nyumba. Marekani wakusanyaji wana mpaka chama chao, Antique Fan Collectors Association. Kwa hiyo uza, lakini uza kitu ambacho hakitamdhuru mtu.

Mteja wa mtandaoni haoni ndani. Waya wa feni hizi ulifunikwa kwa mpira na uzi wa pamba. Miaka ikipita ule mpira unakuwa kama biskuti, ukiukunja unamomonyoka. Kopa inabaki uchi, inagusa chuma, na feni nyingi za wakati ule zina nyaya mbili tu, ethi hakuna. Mwili mzima wa feni unaweza kuwa na umeme wa volti 230 na hakuna kitu cha kuukata. Mtoto ametoka kuoga, anaishika. Wewe uko Mwanga unahesabu hela ya M-Pesa, yeye yuko Dar sakafuni.

Kuna wanaonijibu, "Mteja anataka pambo tu, hawashi." Uongo huo. Nani ataweka feni mezani Dar mwezi wa pili asiiwashe? Kama kweli ni pambo, kata plagi, andika "pambo tu, haiwashwi", na ushushe bei.

Na sisi wa Kigoma tungepaswa kulielewa hili kuliko wengine. Meli yetu ya Liemba Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, ila kabla ya hapo mafundi walizipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Miaka karibu 8 chini ya maji. Kilichoiokoa ni grisi ya ndani.

Haya, kazi yenyewe. Siyo kila feni inahitaji kusukwa upya. Nalisema hili kwa sababu kuna mafundi wakiona feni ya zamani tu tayari wameshika mkasi. Anza na vitu rahisi: waya, swichi, kapasita kama inayo, bushi. Feni isiyozunguka mara nyingi oili imeganda tu kwenye bushi. Fungua, toa uchafu kwa mafuta ya taa, kausha kabisa, weka oili nyepesi ya cherehani, na kile kijitambaa kinachonyonya oili kiloweshe vizuri. Tafadhali, siyo mawese. Nimeshaona mtu kaweka! Mafuta ya kupikia yakikaa yanakuwa gundi, mota inazunguka kwa shida, inapata moto, koili zinaungua. Mawese yabaki kwenye maharage.

Koili usizipime kwa macho. Tumia mega ya volti 500, pima kati ya koili na mwili wa feni. Ikisoma chini ya megaomu 1, hiyo feni haiuzwi hivyo ilivyo. Ila kwa sisi wa kando ya ziwa, feni iliyolala stoo inaweza kuwa imenyonya unyevu tu. Ianike juani siku mbili tatu, pima tena. Ikibaki palepale, au ina harufu ya kuungua, au koili imekatika ndani, hapo sasa suka.

Kusuka mota ni kazi ya kuhesabu. Kabla hujakata chochote piga picha, chora koili zilivyoungana, hesabu mizunguko ya kila koili unapoitoa, na pima unene wa waya baada ya kuondoa vanishi. Rudisha idadi ileile na unene uleule. Ukipunguza mizunguko ili umalize haraka, mota itavuta umeme mwingi na kuchemka. Ukigeuza mwelekeo wa koili moja, inaweza kuunguruma tu isizunguke. Weka karatasi mpya ya kuzuia umeme kwenye kila mfereji, piga vanishi, na iache ikauke mpaka ndani. Hapo kwenye kukausha ndipo watu wengi wanaharakisha, kwa sababu mteja ameshalipa na anapiga simu. Mwambie asubiri.

Waya uwe kopa kweli. Sokoni kuna aluminiamu iliyofunikwa kopa kidogo kwa juu, na ukiitazama huwezi kuijua. Kwangua kwa wembe, ukiona weupe ndani, rudisha dukani. Aluminiamu inapitisha umeme kwa shida kuliko kopa, kwa hiyo kwa unene uleule koili inachemka zaidi, na kuishikisha risasi kwenye maungio ni tabu. Hata mkononi utaitambua: uzito wake ni karibu theluthi moja ya kopa.

Kile kibao cha jina usikipake rangi hata kidogo. Mkusanyaji anakitaka, na wewe unakihitaji kusoma volti. Feni ya Marekani imeandikwa 110 mpaka 120, ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi zetu umeiua. Hata ukiiwekea transfoma, kama ni mota ya hezi 60 hapa kwetu kwenye 50 itazunguka taratibu kidogo na kupata joto zaidi. Mwambie mteja kabla hajatuma hela.

Mwisho wa kazi funga waya mpya wa nyaya tatu, ethi ikazwe kwenye chuma chenyewe, na chuma ukikwangue rangi kwanza. Kuijaribu mara ya kwanza, iunganishe kwa mfululizo na balbu ya kizamani ya wati 100, siyo LED. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti, zima. Ikififia na feni ikaanza kujivuta, uko salama kuendelea. Kisha iache iwake saa kadhaa ukiwa karibu, siyo sekunde kumi za video. Na fyuzi ya plagi weka ya ampea 3. Feni ya mezani haifiki hata ampea 1, sasa 13 inalinda nini?

Bei. Tuseme umeinunua 40,000, waya, kopa na vanishi vimekula 30,000, na siku mbili za mikono yako. Huwezi kuuza 75,000 eti kwa sababu mwenzako anauza hivyo. Yeye kanunua kopo la rangi. Mimi posti yangu inakuwa na picha ya mota ikiwa wazi, picha ya mita ikisoma, na maneno kama haya: "Koili ni za zamani, zimepimwa. Waya mpya, una ethi. Bushi zimesafishwa. Panga moja limepinda kidogo." Hilo panga lililopinda usilifiche. Wateja wangu wengi wanaanza kuuliza maswali ya maana wakishaona nimetaja kasoro mwenyewe, na wanaouliza maswali ya maana ndio wanaolipa.

Kusafirisha, toa mapanga na kava, vifunge peke yake. Kichwa cha mota kikicheza njiani kinavunja shingo ya chuma.

Wa Kasulu, Mpanda na Tabora, kopa ya kusukia kwenu kilo mnaipata shilingi ngapi sasa hivi? Na nani anajua duka linalokubali uikwangue kabla ya kulipa?