Nani aliyetenda dhambi?

Katika Yohana 9 wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua kosa ni lake au la wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Mtoto wa Basotu akipelekwa Haydom kwa maumivu ya mifupa, ikaonekana ni selimundu, swali lile lile huanza tena, na mara nyingi anayeelemewa ni mama.

Lakini mtoto huugua akirithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa baba na kwa mama pia, nao wote wawili wanaweza kuwa wazima kabisa. Kila mimba yao ina uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mgonjwa. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wa namna hii kila mwaka.

Wachumba tunawahimiza wapime VVU. Kipimo cha selimundu, damu kidogo tu, hatukitaji. Mchungaji, padri, kitaje kwenye mafundisho ya ndoa. Ila majibu ni yao wenyewe. Yasifike kwenye kamati wala kuzuia matangazo. Wakijua mapema, mtoto atapimwa mapema, aanzishiwe penisilini na kinga ya malaria. Nawe unayemnong'ona mama huyo ibadani, umewahi kuuliza kama mumewe amepima?