UKWAJU NA SINIA YA SHABA



Je, una sinia ya shaba? Hapa Ujiji bado zimo katika nyumba nyingine. Ikiwa nyeusi, usikimbilie dawa ya dukani. Loweka ukwaju kidogo. Sugua kwa kitambaa. Suuza, kisha kausha. Itang'aa.

Ukwaju una uchachu uitwao asidi ya tartariki. Uchachu huo umo pia katika zabibu. Mvinyo wa zabibu ukikaa, kama ule wa Dodoma, chumvi ya uchachu huo huganda pipani. Ikisafishwa huwa unga mweupe, yaani krimu ya tata. Watengeneza pipi huutumia ili sukari isigande chenga. Viwandani husaidia kutia rangi nguo za sufu. Ukichanganywa na soda huumua keki. Jaribu mwenyewe: tia magadi kidogo katika maji ya ukwaju. Utaona povu. Hewa iliyomo ndiyo inayoinua unga.

Lakini uchachu huo hula na chombo chenyewe. Mimi niliwahi kukosea. Nililaza maji ya ukwaju katika ndoo ya bati. Asubuhi tulikunywa. Watoto walitapika, na mama yao alinisema siku nzima. Bwana shamba mzima! Madini yaliyopakwa juu ya bati yalikuwa yameyeyukia majini.

Siku hizi tunatumia chungu au ndoo safi ya plastiki. Na mchuzi wa migebuka uliotiwa ukwaju, usiulaze katika chombo cha shaba wala cha bati.