Walaji wa Viazi

Katika mji wa Amsterdam, nchi ya Uholanzi, mna nyumba kubwa ya kuwekea picha za Vincent van Gogh. Mojawapo yaitwa "Walaji wa Viazi," nayo aliichora mwaka 1885 katika kijiji cha Nuenen.

Picha hiyo yaonyesha wakulima watano wakila jioni chini ya taa moja. Chakula chao ni viazi vitupu, na bibi kizee amimina kahawa. Nyuso zao zimekonda, vidole vyao ni vigumu, na rangi zake ni kama za udongo. Rafiki yake Anthon van Rappard, mchoraji naye, aliilaumu sana kuwa imechorwa vibaya.

Hata leo yupo aipitaye upesi, aende kutazama alizeti za manjano. Lakini asimamaye mbele yake kwa utulivu huguswa moyo. Van Gogh hakuwachora hivyo kwa kutojua. Kwanza alichora vichwa vya wakulima wengi majira mazima ya baridi. Tena alimwandikia nduguye Theo ya kwamba mikono ile ichukuayo chakula sahanini ndiyo iliyolima ardhi, basi chakula chao wamekipata kwa haki.

Hapo ndipo ulipo uzuri wake. Sura nzuri hupendeza macho. Bali mikono iliyochoka kwa kazi ya halali yastahili heshima. Mwanafunzi akiisha kufahamu hivyo, atautazama mkono wa mama yake ulioota sugu, wala hatauonea haya.